Nyumba ya Zamani, Mzigo Mpya: Somo Kuhusu Nyaya za Umeme Majumbani

SOMO LA ROBO HII KWA KAMATI ZA USHARIKA



Somo la robo hii linahusu kitu kilicho ndani ya kuta na juu ya dari, ambacho wengi wetu hatukifikirii mpaka siku kinapotoa moshi. Ni nyaya za umeme za nyumbani. Tumechagua mada hii kwa sababu nyumba nyingi za Usangi, pamoja na baadhi ya nyumba za watumishi na majengo ya vikundi, zilitandazwa nyaya kwa ajili ya taa chache na redio. Leo nyumba hizo hizo zinabebeshwa friji, birika, pasi, jiko la umeme na hita ya kuogea. Nyumba ni ile ile, nyaya ni zile zile, lakini mzigo umebadilika.

Lengo la somo: baada ya kulisoma, kamati iweze (a) kutambua nyumba yenye nyaya zilizochoka, (b) kujua kazi ipi ianze fedha zikiwa kidogo, na (c) kuandaa bajeti ya mradi ambayo haisahau nyaya.

1. KWA NINI TUZUNGUMZE JAMBO HILI SASA

Kwa miaka mingi shida yetu kubwa ilikuwa umeme kutofika. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilianzisha Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ambao ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimepanda milima ambayo zamani ilionekana haiwezekani. Uzalishaji nao umekua. Mtambo wa Nyumba ya Mungu, tunaouona bwawa lake tukitazama tambarare kutoka huku juu, una uwezo wa megawati 8. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililoanza kuzalisha Februari 2024, limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115.

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sisi tunaoishi chini ya misitu kama ule wa Kindoroko tunaelewa umuhimu wa jambo hili. Kila mzigo wa kuni unaobaki msituni ni maji ya mfereji wa kesho. Lakini kupika kwa umeme kunamaanisha umeme mwingi zaidi kupita katika kuta zetu. Mkakati hauwezi kumfanikia mama ambaye sufuria yake ya umeme imechomekwa kwenye soketi inayounguza plagi.

Kuna jambo la pili ambalo ni letu wenyewe. Nyumba nyingi za Kighare, Chomvu, Kirongwe na vijiji vingine zina mzee mmoja au wawili mwaka mzima. Ifikapo Desemba watoto na wajukuu wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Moshi na kwingineko. Nyumba iliyokuwa na watu wawili inalaza watu kumi na tano, na kila mmoja ana simu ya kuchaji. Friji mbili zinawashwa, maspika yanafungwa uani, pasi haipoi. Nyaya ambazo miezi kumi na moja hazikulalamika zinapata mtihani wao katika wiki mbili. Januari wageni wanaondoka, na bibi anabaki peke yake na nyaya zilizoungua nusu. Huyo bibi ndiye mlengwa wa kwanza wa somo hili.

2. MANENO MATATU, KWA MFANO WA MFEREJI

Wazee wetu waliojenga ndiwa walijua sheria ya msingi ya umeme kabla umeme haujafika. Maji hukusanywa kwenye ndiwa usiku, asubuhi mlango unafunguliwa, na mfereji unayapeleka mashambani. Kila mtu anajua kwamba mfereji mwembamba uliochimbwa kwa ajili ya mashamba matatu hauwezi kubeba maji ya mashamba kumi. Ukilazimisha, kingo zinabomoka.

Volti ni ule msukumo wa maji kutokana na kimo cha ndiwa. Majumbani mwetu ni volti 230.
Ampea ni kiasi cha maji kinachopita kwenye mfereji kwa wakati mmoja.
Wati ni kazi inayofanywa, na hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea.

Kwa hiyo ukitaka kujua ampea, chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawa kwa 230. Birika la wati 2,000 linavuta ampea karibu 9. Taa ya kisasa ya wati 10 haifiki hata sehemu ya kumi ya ampea moja.

Tofauti ya waya na mfereji ni hii: waya ukizidiwa haubomoki, unapata joto. Na joto hilo haliongezeki polepole. Ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ganda la plastiki linakauka, linapasuka, kisha shaba inabaki wazi juu ya mbao kavu za dari. Moto wa umeme mara nyingi huanzia hapo, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

3. HESABU YA NYUMBA MOJA

Tuchukue nyumba ya mfano: vyumba vitatu, sebule na jiko. Zamani fundi alitandaza mzunguko mmoja wa waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa na soketi zote, na hakukosea, kwa sababu wakati huo palikuwa na taa tano na redio. Leo, saa moja jioni mwezi Desemba, vimewashwa vitu vifuatavyo:

- Sufuria ya umeme ya kupikia: wati 1,000
- Birika: wati 2,000
- Pasi: wati 1,200
- Friji: wati 150
- Televisheni: wati 100
- Taa tano za wati 10: wati 50

Jumla ni wati 4,500. Gawa kwa 230, unapata ampea karibu 20. Waya wa milimita 1.5 uliofungwa ndani ya bomba ukutani hubeba ampea kama 14 hadi 17, kutegemea ulivyofungwa na joto la mahali ulipo. Waya huu umezidiwa, na hatujaweka hita ya kuogea. Hita ya wati 5,500, ambayo wengi wanaitamani katika baridi ya Juni na Julai, peke yake inavuta ampea 24.

Kamati inaweza kufanya hesabu hii kwa kila nyumba kwa karatasi na kalamu. Hakuna haja ya fundi katika hatua hii. Pita chumba kwa chumba, andika wati za kila kifaa, weka alama kwa vile vinavyoweza kuwashwa kwa pamoja, kisha jumlisha.

Vipimo vya waya vinavyotumika kwa kawaida ni hivi:

- Taa: milimita 1.5, na sakiti breka ya ampea 6 au 10.
- Soketi za kawaida: milimita 2.5, na sakiti breka ya ampea 16 au 20.
- Jiko la umeme au hita ya kuogea: mzunguko wake peke yake, mara nyingi milimita 6, na sakiti breka ya ampea 32.

Umbali mrefu au nyaya nyingi katika bomba moja huhitaji waya mnene zaidi, na hapo fundi ndiye wa kupima.

4. DALILI ZA NYAYA ZILIZOCHOKA

Nyumba huwa inasema kabla haijaungua. Wanakamati wanaotembelea wazee waangalie haya:

- Taa zinafifia kila friji au pasi inapowashwa.
- Soketi au plagi ina moto ukiigusa, au ina alama ya rangi ya kahawia.
- Harufu kama ya plastiki au samaki aliyeungua, bila kuonekana moto.
- Swichi inayolia kama mafuta yanayokaanga.
- Fyuzi au sakiti breka inakatika mara kwa mara.
- Bodi ya friji au bomba la maji linalokung'ata kidogo ukiligusa.
- Nyaya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu, bila kisanduku.
- Kinyesi cha panya darini. Panya huguguna ganda la waya.
- Ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, au inayopita chini ya zulia.

Dalili ya kung'atwa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Watu huzoea, huvaa ndala na kumwambia mgeni, "Friji yetu ina shoti kidogo." Hakuna shoti ndogo. Leo sakafu ni kavu na mtu amevaa ndala. Kesho mtoto ametoka kuoga, miguu imelowa, na friji ni ile ile.

5. WALINZI WATATU NA KAZI ZAO

Katika vikao vingi tumekuta watu wanaamini kwamba nyumba ikiwa na meni switchi basi imelindwa. Ni vizuri kutofautisha walinzi watatu, kwa sababu hakuna anayeweza kufanya kazi ya mwenzake.

Mlinzi wa kwanza ni fyuzi au sakiti breka. Huyu analinda waya usiungue. Akiona ampea zimezidi kipimo chake, anakata. Ndiyo maana kipimo chake hakitakiwi kuzidi uwezo wa waya. Tabia ya kuondoa breka ya 10 inayokatika na kuweka ya 32 ili "umeme usitusumbue" ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu alipiga kelele mwizi alipokuja. Vivyo hivyo kufunga kipande cha waya wowote kwenye fyuzi iliyoungua. Breka inayokatika inatuambia jambo, tutafute ni jambo gani.

Mlinzi wa pili ni waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Huyu anaunganisha bodi za chuma za vifaa na fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Waya wa moto ukigusa bodi ya friji, umeme unapata njia ya kwenda ardhini bila kupitia mwilini mwa mtu.

Mlinzi wa tatu ni kikata umeme kinachovuja, ambacho mafundi hukiita RCD au RCCB. Huyu hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua kwa miliampea 30 tu, maana yake kuna mahali unavuja, pengine kupitia mtu, na anakata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Wengine huuliza: kama nina ethi, kwa nini nilipie RCD? Jibu liko kwenye hesabu. Tuseme fimbo yetu ya ethi ina ukinzani wa ohmu 46, jambo la kawaida katika udongo mkavu au wenye mawe. Volti 230 gawa kwa 46 ni ampea 5. Breka ya ampea 20 haitakata kwa ampea 5, itaona ni kama pasi imewashwa. Friji itaendelea kuwa na umeme wa hatari kwenye bodi yake, na LUKU itaendelea kuhesabu. RCD inayosubiri miliampea 30 itakuwa imekata mara moja. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Ethi na RCD hufanya kazi pamoja.

RCD nayo ina mipaka. Mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na wa nyutro kwa mkono wa pili huku amesimama mahali pakavu, RCD haioni tofauti yoyote na haitakata. Pia RCD ya kawaida hailindi waya usizidiwe. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba sasa anaweza kugusa atakavyo. Kitufe chake cha kujaribia kibonyezwe angalau kila miezi mitatu. Isipokata, ibadilishwe.

6. ETHI KATIKA MILIMA YETU

Udongo wenye unyevu hupitisha umeme vizuri kuliko udongo mkavu. Fimbo iliyopimwa mwezi Aprili wakati wa masika itatoa jibu zuri. Fimbo ile ile ikipimwa mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za vuli, inaweza kutoa jibu baya. Kamati ikitaka kupima ethi za majengo yake, ipime wakati wa ukavu. Ikifaulu hapo, itafaulu mwaka mzima.

Fimbo iwe ya chuma kilichofunikwa shaba, ipigiliwe yote, mahali pasipo mwamba na penye unyevu wa kudumu, kwa mfano karibu na migomba. Kiungio chake kiachwe ndani ya kishimo chenye mfuniko ili kiweze kukaguliwa. Wapo wanaomwaga chumvi ili kuboresha jibu. Chumvi huoshwa na mvua na huharakisha kutu, kwa hiyo unafuu wake ni wa muda. Ni bora kuongeza fimbo ya pili na kuziunganisha.

Jambo jingine: katika nyumba nyingi za zamani soketi zina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna waya wa ethi uliofungwa. Tundu lipo kama picha. Kulijua hilo kunahitaji fundi mwenye kipimo, na ni swali la kwanza la kumwuliza.

7. RANGI ZA NYAYA: TAHADHARI KWA NYUMBA ZILIZOONGEZWA VYUMBA

Mfumo wetu ulirithi rangi za Uingereza: nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, kijani au kijani na njano kwa ethi. Uingereza ilianza kuruhusu rangi mpya mwaka 2004, na kuanzia Aprili 2006 zikawa za lazima kwa kazi mpya huko: kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani na njano kwa ethi. Nyaya za mifumo yote miwili zimekuwa zikiuzwa katika maduka yetu.

Hatari inakuja nyumba ya zamani inapoongezwa chumba, na hasa majengo ya njia tatu za umeme kama mashine za kusaga. Katika mfumo wa zamani bluu ilikuwa mojawapo ya njia tatu za moto na nyeusi ilikuwa nyutro. Katika mfumo mpya bluu ni nyutro na nyeusi ni mojawapo ya njia za moto. Rangi zimebadilishana kazi. Kijana aliyefundishwa rangi mpya akifungua kisanduku cha zamani bila kupima, anaweza kuamini kwamba waya wa bluu hauna madhara. Palipo na mifumo miwili katika jengo moja, bandikeni maandishi ya kudumu kwenye kisanduku cha kugawia umeme, na fundi apime kila waya kabla ya kuugusa.

8. FEDHA ZIKIWA KIDOGO, TUANZIE WAPI?

Kubadilisha nyaya zote za nyumba kwa mara moja ni gharama ambayo familia nyingi haziwezi. Jambo hilo lisiwe sababu ya kutofanya lolote. Tunapendekeza utaratibu huu, kwa kuanza na kinachookoa maisha:

Hatua ya kwanza, isiyo na gharama. Punguza mzigo. Birika, pasi na sufuria ya umeme visiwashwe kwa pamoja. Ondoa ekstensheni zilizounganishwa kwa mnyororo. Soketi yenye alama ya kuungua isitumike tena.

Hatua ya pili. Fimbo ya ethi inayopimwa na RCD ya miliampea 30. Hizi mbili zinailinda nyumba nzima hata kabla ya kubadilisha waya mmoja, mradi ethi ifike kwenye soketi zinazotumika.

Hatua ya tatu. Kila waya upewe breka inayolingana nao. Breka kubwa mno zitolewe.

Hatua ya nne. Mzunguko mpya wa jiko. Badala ya kubomoa kuta zote, fundi atandaze waya mpya kutoka kwenye kisanduku mpaka jikoni. Vifaa vizito vikihamia huko, nyaya za zamani zinabaki na taa na redio, kazi ambayo zilitengenezewa, ikiwa kipimo kinaonyesha ganda lake bado ni zima.

Hatua ya tano. Kubadilisha nyaya zilizobaki, chumba kwa chumba, kadiri fedha zinavyopatikana. Tumia mabomba ya plastiki ili siku nyingine waya uweze kuvutwa bila kuvunja ukuta.

Familia zinazokutana Desemba zinaweza kugawana hatua hizi. Mtoto mmoja achukue ethi na RCD, mwingine mzunguko wa jiko. Lakini kazi ifanyike kabla ya wageni kujaa nyumbani, tuseme Oktoba au Novemba. Ni vema baba na mama wakapewa nyaya nzuri kwanza, ndipo televisheni kubwa ifuate.

Kwa nyumba ndogo sana, ambayo kuitandaza nyaya upya ni mzigo, kipo kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho kimetumika katika miradi ya umeme vijijini. Ni kisanduku chenye breka, soketi na sehemu ya taa ndani yake. Kinatosha kwa matumizi madogo. Hakifai kwa jiko na hita.

9. FUNDI NA VIFAA

Kazi za kutandaza nyaya kwa mujibu wa sheria hufanywa na mtu mwenye leseni, na leseni hizo hutolewa na EWURA. Kumwomba fundi leseni si kumdharau. Dereva wa basi la Usangi akiombwa leseni na askari hakasiriki. Tena mzigo ukiongezeka sana, kwa mfano jiko kubwa, hita au mashine, TANESCO waelezwe, kwa sababu waya unaotoka kwenye nguzo na mita navyo vina kipimo chake.

Baada ya kazi, mwombe fundi matokeo ya vipimo kwa maandishi: ukinzani wa ethi, uzima wa maganda ya nyaya (kwa kipimo cha volti 500 usipungue megaohmu 1), na jaribio la RCD. Mwombe pia mchoro mdogo wa mizunguko ubandikwe ndani ya mlango wa kisanduku. Fundi asiyekuwa na kipimo, ambaye anategemea tesita ya bisibisi tu, hawezi kukuambia kama ethi yako inafanya kazi.

Kuhusu vifaa, angalia alama ya ubora ya TBS. Waya bandia upo, hasa ule wa alumini iliyopakwa shaba. Ukikwangua kwa kisu, ndani unaona weupe, na roli lake ni jepesi kuliko la shaba halisi. Waya huo hupata joto haraka na huvunjika kwenye viungio. Rahisi inaghali.

10. KWA KAMATI NA WAHISANI: NYAYA ZIINGIE KWENYE BAJETI

Hapa tunaomba tusemezane kwa uwazi. Maombi mengi ya miradi yanayoletwa yanaorodhesha vifaa: kompyuta kumi za shule, friji ya zahanati, oveni ya kikundi cha akina mama, mashine za kushonea. Wahisani nao hupenda kuona kifaa, kwa sababu kinapigwa picha siku ya makabidhiano. Nyaya hazipigwi picha. Matokeo yake kifaa kinafika, kinachomekwa kwenye mzunguko wa taa, kinafanya kazi miezi michache, halafu kinaungua au kinawekwa stoo kwa sababu "umeme hautoshi". Kwa taarifa ya mradi kifaa kilitolewa. Kwa walengwa, hakuna huduma.

Tunapendekeza kila ombi la kifaa cha umeme liambatanishwe na mambo manne: hesabu ya wati kabla na baada ya kifaa, taarifa ya fundi mwenye leseni kuhusu hali ya nyaya, kipengele cha bajeti cha nyaya, ethi na RCD, na jina la mwanakamati atakayebonyeza kitufe cha RCD na kuandika tarehe. Kwa upande wa wahisani, tunaomba mkiona kipengele cha nyaya msikione kama gharama ya ziada. Ndicho kinacholinda mchango wenu.

Nguvu za wananchi pia zina nafasi. Msaragambo hauwezi kufunga breka, lakini unaweza kuchimba mtaro wa waya wa chini, kuchimba kishimo cha ethi, kupunguza matawi yaliyo kwenye kiwanja mbali na nyaya, na kuziba matundu ya panya darini. Matawi yanayogusa nyaya za nguzo yaachiwe TANESCO.

11. AJALI IKITOKEA

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima meni switchi kwanza. Kama haiwezekani, simama juu ya kitu kikavu na umtenganishe na waya kwa mti mkavu au mpini wa ufagio wa mbao. Kama hapumui, aanze kupewa huduma ya kwanza na mtu anayeijua, wakati wengine wanatafuta usafiri wa hospitali. Hata akiamka na kusema yuko salama, apelekwe akaangaliwe, kwa sababu moyo unaweza kusumbua baadaye.

Moto wa umeme usimwagiwe maji. Zima meni switchi, toa watu nje, tumia mchanga mkavu kama moto ni mdogo, na piga 114 kwa Zimamoto. Kila mtu wa nyumbani, pamoja na watoto na wageni wa Desemba, aonyeshwe meni switchi iko wapi. Isifunikwe na kabati.

Somo hili lisimfanye mtu aukimbie umeme na kurudi kwenye koroboi. Mwezi Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika moto wa bweni la sekondari ya Idodi, Iringa, na taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa. Giza nalo lina moto wake. Umeme uliofungwa vizuri ni salama kuliko vyote tulivyotumia kabla yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika mtaa wetu ni nyumba zipi za wazee au wajane zenye dalili mbili au zaidi kati ya zilizotajwa kwenye sehemu ya 4? Nani atazitembelea kabla ya Oktoba?
2. Fanyeni hesabu ya wati ya nyumba ya mtumishi. Je, inazidi uwezo wa nyaya zake?
3. Ni lini kitufe cha RCD katika majengo yetu kilibonyezwa mara ya mwisho? Kama hakuna RCD, itagharimu kiasi gani kwa bei za duka la karibu?
4. Kati ya vifaa tulivyopokea kwa msaada, vipi havitumiki kwa sababu ya umeme? Nini kilikosekana katika ombi la awali?
5. Watoto wetu walio mijini wanaweza kushirikishwa vipi ili hatua ya pili na ya nne zikamilike kabla ya Desemba?

Kamati zinaombwa kuandika majibu kwa ufupi na kuyaleta katika kikao kijacho cha miradi, pamoja na orodha ya nyumba zilizotembelewa. Orodha hiyo ndiyo tutakayoanza nayo tutakapoandaa maombi ya mwaka ujao.

Mratibu wa Miradi